Kupima Metali za Kale za Kirumi Bila Kuzidhuru: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa akiolojia, wakusanyaji wa sarafu, na watu waliosimama tu mbele ya kabati la makumbusho wakajiuliza: walijuaje kwamba hii ina fedha kiasi hiki, na mbona haina hata mkwaruzo? Nimeyajibu kama ninavyoyajibu mezani, kitu kikiwa mbele yangu na mashine pembeni. Mengine yamechukua nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukosea.

"Kupima bila kudhuru" maana yake nini hasa?

Maana yake kitu kinaondoka mezani kama kilivyofika: uzito uleule, umbo lilelile, kutu ileile. Hakuna kilichokatwa, kilichotobolewa wala kilichoyeyushwa kwa tindikali. Tunatuma mwanga, eksirei au chembe ndogo kuliko atomu, kisha tunasoma kinachorudi au kinachopita upande wa pili.

Kati ya kudhuru na kutodhuru pana eneo ambalo watu hawapendi kulitaja wazi. Kuna mashine za leza zinazoacha kishimo chenye upana wa unywele. Jicho tupu halikioni, lakini kipo, na hakitaondoka. Wengi huiita njia hiyo "karibu bila kudhuru". Mimi naona heri kusema ukweli: imedhuru kidogo, na mwenye kitu aambiwe kabla ya leza kuwashwa, si baada.

Kwa nini msichukue kipande kidogo tu, mambo yaishe?

Ndivyo ilivyoanza. Martin Heinrich Klaproth, mkemia wa Berlin aliyegundua urani mwaka 1789, alikuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza kupima sarafu za Kigiriki na Kirumi kwa kemia. Zama hizo kupima kulimaanisha kuyeyusha. Jibu lilipatikana, sarafu ikapotea, na mtu mwingine hawezi kurudia kipimo ili kukihakiki.

Fikiria pia idadi. Mwaka 2010 huko Frome, kusini-magharibi mwa Uingereza, ulifukuliwa mtungi mmoja wenye sarafu 52,503 za Kirumi. Hakuna atakayetoboa sarafu elfu hamsini. Kwa eksirei unaweza kupitia mamia kwa siku chache, ukaona zipi zinafanana na zipi zinastahili kuangaliwa zaidi. Upande mwingine wapo walio peke yao. Mwaka 2023, kijijini Norton Disney huko Lincolnshire, wafukuaji waliibua kitu cha ajabu chenye nyuso kumi na mbili, chenye tundu katikati na vifundo pembeni, kizima kabisa. Vya aina hiyo vimepatikana zaidi ya mia moja katika majimbo ya kaskazini ya Dola ya Kirumi, na hadi leo hakuna ajuaye vilikuwa vya kazi gani. Kilipimwa kwa eksirei: shaba asilimia 75, risasi 18, bati 7. Kutoboa kitu kama hicho ili kupata tarakimu tatu kungekuwa ukatili.

Hata hivyo sitasema kutoboa ni dhambi siku zote. Utaona hapo chini kwa nini.

Mashine ya eksirei ya mkononi inafanyaje kazi?

Ina umbo kama la drili ya fundi. Unaigusisha kwenye metali, unabonyeza kitufe, unasubiri nusu dakika au dakika moja. Ndani mna bomba dogo linalorusha eksirei. Miale hiyo inapoipiga atomu, inaing'oa elektroni ya tabaka la ndani. Pengo halikai wazi: elektroni ya tabaka la nje inashuka kulijaza, na nishati ya kushuka huko inatoka kama eksirei nyingine. Kila elementi ina nishati yake, haiazimi ya jirani. Shaba hutoa kwenye 8.05, zinki 8.64, fedha 22.16, bati 25.27, zote kwa kipimo cha kiloelektronivolti. Kwenye skrini unaona mlolongo wa vilima, na urefu wa kila kilima unakuambia kiasi.

Yapo mahali ambapo vilima vinapandana. Mfano unaosumbua sana kwa vitu vya Kirumi ni risasi na arseniki: kilima kikuu cha risasi kiko 10.55, cha arseniki kiko 10.54. Kwenye skrini ni kilima kimoja. Programu ikiachwa ijiamulie yenyewe, inaweza kukuandikia arseniki kwenye bronzi (mchanganyiko wa shaba na bati) isiyo na arseniki kabisa. Dawa yake ni kutazama vilima vya pili: risasi ina kingine kwenye 12.6, arseniki kwenye 11.7. Ukiona cha 12.6 kimesimama na cha 11.7 hakipo, unajua unaongea na nani. Ndiyo maana namwambia kila mwanafunzi asome mchoro wa vilima kabla ya kusoma jedwali la tarakimu.

Kwa msomaji wa Tanzania mashine hii huenda si ngeni. Ukipeleka dhahabu sokoni Geita au Chunya, mnunuzi anaweza kuiweka kwenye mashine ya aina hiihii na kukupa usafi wake papo hapo. Tofauti ni kwamba dhahabu ile imeyeyushwa juzi na iko sawa juu na ndani. Sarafu iliyolala ardhini miaka elfu mbili haiko hivyo.

Kwa hiyo unaelekeza mashine na kupata jibu?

Unapata jibu la ngozi ya kitu. Kama ngozi na nyama ni sawa, vizuri. Kama si sawa, umepotea, na mashine haitakuambia kwamba umepotea.

Hapa naomba nikae kidogo na sarafu ya fedha ya Kirumi, denario. Ilianza kugongwa yapata mwaka 211 KK, na jina lake likasafiri kupitia Kiarabu hadi likawa neno letu dinari. Chini ya mfalme Augusto ilikuwa karibu fedha tupu. Mwaka 64 BK mfalme Nero alipunguza uzito: ratili moja ya Kirumi iliyokuwa ikitoa sarafu 84 ikaanza kutoa 96. Alipunguza na usafi pia. Lakini kwa kiasi gani?

Katika miaka ya 1970 mtafiti David Walker alipima maelfu ya sarafu kwa eksirei, akikwangua kidogo ukingoni ili kuondoa uchafu, na kwa sarafu za Nero baada ya mageuzi akapata fedha karibu asilimia 93. Vitabu vya historia ya uchumi vilitumia tarakimu zake kwa miongo kadhaa. Baadaye Kevin Butcher na Matthew Ponting wakatumia drili nyembamba kama sindano, wakaingia ukingoni hadi katikati ya sarafu, wakatupa unga wa mwanzo na kupima ule wa ndani tu. Walikuta asilimia 80 hivi.

Tofauti hiyo si ndogo. Ni tofauti kati ya mfalme aliyepunguza kidogo kwa tahadhari na mfalme aliyetoa sehemu ya tano ya fedha na kuijaza shaba. Ile mashine ya eksirei haikuwa mbovu. Ilisema kweli kuhusu ilichokiona, na ilichokiona ni juujuu.

Kwa nini juu pawe na fedha nyingi kuliko ndani?

Kwa sababu mbili, na moja ni ya makusudi.

Fundi wa Kirumi aliyechanganya fedha na shaba alipata kidonge chenye rangi ya kufifia. Akakichoma motoni, shaba iliyo juu ikageuka nyeusi. Akakitia kwenye maji makali yenye asidi, weusi ukayeyuka, fedha ikabaki peke yake juu kama sifongo jembamba. Kisha akakiweka chini ya muhuri na kupiga nyundo. Sifongo likalala, likang'aa. Sarafu ikatoka mpya, nyeupe, na raia akaipokea kama fedha safi.

Sababu ya pili ni ardhi. Maji yenye chumvi na asidi hula shaba kwanza, fedha huachwa. Miaka elfu mbili ya kuliwa polepole inaongeza unene wa ngozi ile.

Ngozi hiyo inaweza kufikia unene wa karatasi ya daftari, sehemu ya kumi ya milimita. Eksirei ya shaba inayozaliwa ndani zaidi ya hapo haifiki kwenye kigunduzi, inamezwa njiani. Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa metali na kwa pesa, na Warumi waliishi ndani ya mkanganyiko huohuo. Kwa mfalme Septimio Severo, mwishoni mwa karne ya 2, fedha ndani ya denario ilikuwa imefika kama nusu. Kufikia mwaka 270 hivi, sarafu mpya iliyoanzishwa na mfalme Karakala mwaka 215 ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5, shaba iliyopakwa weupe. Bado iliitwa fedha, na ukipima ngozi yake bila kufikiri unaweza kukubali.

Hakuna namna ya kujua kama ngozi inadanganya, bila kutoboa?

Zipo. Ya kwanza iko ndani ya mashine ileile. Fedha hutoa vilima viwili: kimoja chenye nishati ndogo, karibu 3, na kingine kwenye 22. Kile kidogo hutoka kwenye mikromita (sehemu za elfu za milimita) chache tu za juu, kwa sababu hakina nguvu ya kupenya. Kile kikubwa hutoka ndani zaidi. Ukihesabu kiasi cha fedha kwa kilima cha kwanza, ukahesabu tena kwa cha pili, na majibu mawili yakatofautiana, unajua kuna tabaka. Haikuambii katikati kuna nini, lakini inakuzuia kuandika uongo.

Ya pili ni kupima ukingo uliovunjika zamani, au mahali ambapo mhifadhi alikwisha kusafisha kwa sababu nyingine. Unatumia kidonda kilichopo badala ya kufungua kipya.

Ya tatu ni muoni, na hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Muoni ni ndugu mzito wa elektroni, mara 207 hivi kwa uzito. Kwenye kituo cha utafiti wa fizikia kiitwacho ISIS huko Harwell, karibu na Oxford, wanatengeneza miale ya muoni hasi na kuchagua kasi yake. Ukibadilisha kasi, unabadilisha kina itakaposimama: mikromita chache, au milimita nzima ndani ya sarafu. Muoni ikisimama, inakamatwa na atomu iliyo hapo, inashuka ngazi kwa ngazi kama elektroni, na kutoa eksirei. Kwa kuwa ni nzito, eksirei zake zina nishati kubwa sana kiasi cha kuweza kutoka hadi nje. Kwa hiyo unasoma katikati ya sarafu bila kuigusa. Sarafu za dhahabu za Kirumi zimepimwa hivyo, na ikaonekana kwamba juu na ndani ni sawa. Kwa dhahabu, vipimo vya juu tulivyokuwa navyo vinaaminika. Kwa fedha hatuna bahati hiyo.

Shida ya muoni ni kwamba vituo vyake duniani vinahesabika kwa vidole, Uingereza, Uswisi, Japani, na kipimo kimoja huchukua saa nyingi. Ndiyo maana sikulaani kutoboa. Sindano moja ukingoni, kwenye sarafu ya kawaida iliyopo kwa maelfu, ikifanywa na mtu anayejua na ikaandikwa, ilirekebisha kosa la miaka thelathini.

Vipi kuhusu shaba na bronzi?

Huko ngozi hudanganya upande wa pili.

Yapata mwaka 23 KK Augusto alianza kugonga sarafu kubwa iitwayo sesterti kwa metali ya rangi ya dhahabu, shaba yenye zinki, ambayo Warumi waliiita orikalki. Zinki ina tabia mbaya: huchemka kwenye nyuzi 907, kabla shaba haijayeyuka, na kugeuka mvuke. Mafundi walifungia shaba, mkaa na madini ya zinki ndani ya chungu kilichozibwa, mvuke ukaingia kwenye shaba bila kutoroka. Kwa njia hiyo shaba hainywi zaidi ya asilimia 28 hivi.

Sarafu hiyo ikizikwa, zinki ndiyo inayoondoka kwanza. Ukipima juu unapata zinki pungufu. Ni kweli kwamba kiwango cha zinki kilishuka kadiri karne ya kwanza ilivyosonga, kwa sababu sarafu kuukuu ziliyeyushwa upya na kila moto ulichukua zinki kidogo. Lakini ukilinganisha sarafu iliyolala kwenye udongo mkavu na iliyolala mtoni, unaweza "kugundua" mteremko ambao ni wa maji, si wa serikali.

Kwenye bronzi, shaba na bati, huwa kinyume: shaba inaondoka, bati inabaki juu ikiwa imegandamana na kutu laini ya kijani. Mashine inakuambia bronzi ina bati nyingi kupita kiasi. Nikiona tarakimu kubwa hivyo kwenye sanamu au kitasa cha kawaida, huwa siamini mpaka nione metali tupu ilipopimwa. Ile risasi asilimia 18 ya Norton Disney, kwa upande wake, haishangazi. Risasi hufanya bronzi itiririke vizuri kwenye kalibu, na kitu chenye tundu na vifundo kama kile kinahitaji metali inayofika kila kona.

Kitu kikiwa kimefungwa ndani ya udongo na kutu, mnafanyaje?

Mnakiacha kwanza humo humo. Mfano bora ninaoujua ni Kalkriese, kaskazini mwa Ujerumani, mahali panapohusishwa na vita vya mwaka 9 BK ambapo vikosi vitatu vya jenerali wa Kirumi Varus viliangamizwa. Mwaka 2018 kigunduzi cha metali kililia pembeni mwa shimo. Wafukuaji hawakuanza kuchokonoa. Walikata bonge zima la udongo, zito la mamia ya kilo, wakalifunga kwenye sanduku.

Kisha wakatafuta eksirei kubwa ya kutosha. Kwanza walilipeleka kwenye uwanja wa ndege wa Münster/Osnabrück, kwenye mashine ya forodha ya kukagulia mizigo. Picha haikupenya vya kutosha. Hapo bonge likasafirishwa hadi Fürth, kwenye taasisi ya Fraunhofer, ambako kuna skana ya CT kubwa kiasi cha kumeza gari. Lilizungushwa taratibu, picha baada ya picha, na kompyuta ikazijumlisha. Ndani ya udongo zikatokea bamba za chuma zimelaliana kama akordioni iliyokunjwa: deraya ya askari wa Kirumi, ya zamani na kamili kuliko zote zilizowahi kupatikana za aina yake. Karibu na shingo palikuwa na pingu ya chuma, ya kumfunga mateka shingo na mikono pamoja.

Chuma chenyewe karibu chote kimekwisha kuwa kutu. Mhifadhi angeanza na kisu bila picha ile, asingejua kutu ya deraya inaishia wapi na udongo wa njano unaanzia wapi. Kwa picha mkononi alijua kila bamba liko kina gani kabla ya kuondoa chembe ya kwanza.

Na maandishi yaliyofutika au kufunikwa?

Kuna njia mbili zinazofanya kazi vizuri pamoja. Ya kwanza ni kupiga picha nyingi za kitu kilekile, kamera ikiwa imetulia na taa ikihama kila mara. Kompyuta inaziunganisha, halafu wewe unazungusha mwanga kwenye skrini utakavyo, hata kuufanya ulale kabisa kama jua la magharibi. Mkwaruzo usioonekana mchana unatoa kivuli, herufi inasimama. Ya pili ni CT.

Zote mbili zilitumika mwaka 2005 huko Athens kwenye mashine ya Antikythera, kifaa cha kale cha magurudumu ya meno cha kukokotoa mwendo wa jua na mwezi. Kifaa chenyewe ni cha Kigiriki, lakini kilizama na meli ya karne ya 1 KK, zama ambazo mali za Wagiriki zilikuwa zikisafirishwa kuelekea Italia. Vipande ni dhaifu mno kusafiri, basi skana ya tani nane ikapelekwa kwao. Ndani ya mabonge ya shaba iliyooza yalionekana magurudumu 30 yenye meno, na maelfu ya herufi ambazo hakuna jicho lililokuwa limezisoma tangu meli izame.

Dhahabu iliyopakwa juu ya shaba hutambuliwaje?

Tafuta zebaki. Warumi walianza na karatasi nyembamba za dhahabu zilizogandishwa, kisha, hasa tangu karne za 2 na 3 BK, njia ya moto ikaenea: dhahabu inachanganywa na zebaki hadi iwe uji, inapakwa, inachomwa, zebaki inapaa. Haipai yote. Kilima kidogo cha 9.99 kando ya kile cha dhahabu, 9.71, kinabaki kuwa shahidi. Angalizo: zebaki ilitumika pia kugandisha karatasi za dhahabu bila moto, kwa hiyo hadubini lazima ikubaliane na eksirei.

Mnaweza kutambua bandia?

Mara nyingi, ndiyo. Shaba ya njano yenye zinki asilimia 35 haikutoka kwenye chungu cha Kirumi. Kadimi ndani ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ni dalili ya kiwanda cha juzi. Miale ya neutroni, inayopenya sentimita kadhaa za metali, inaonyesha jinsi punje za metali zilivyopangika: iliyopigwa nyundo ina mpangilio wake, iliyomiminwa kwenye kalibu ina wake, na denario ya kweli ilipigwa nyundo. Neutroni hufichua pia sarafu za shaba zilizovishwa ngozi ya fedha, ambazo walaghai wa Kirumi walizitengeneza kwa wingi.

Lakini angalia kisa cha Sponsian. Ni sarafu za dhahabu zinazosemekana kupatikana Transylvania mwaka 1713, zenye jina la mfalme asiyetajwa popote pengine. Kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa bandia. Mwaka 2022 timu ya Paul Pearson ilizichunguza zile za makumbusho ya Hunterian, Glasgow, kwa hadubini ya elektroni, mwanga wa urujuanimno na infraredi, ikaona mikwaruzo ya kuzunguka mikononi mwa watu na udongo ulioganda juu ya mikwaruzo hiyo, ikahitimisha kwamba ni za kale. Wataalamu wengi wa sarafu walikataa: zimemiminwa badala ya kupigwa, uzito hauendani na kanuni yoyote, maandishi yana kasoro. Mimi naegemea upande wao. Mashine imeeleza vizuri hali ya uso wa metali. Kama palikuwa na mfalme, hilo ni swali lenye ushahidi wa aina nyingine.

Je, mnaweza kujua umri, au mgodi ilikotoka metali?

Umri, hapana. Shaba haina saa ndani yake. Mgodi, kwa kiasi: risasi ina isotopi nne (aina za atomu zake zinazotofautiana kwa uzito) zisizooza, 204, 206, 207 na 208, na uwiano wake hutofautiana kati ya migodi ya Uhispania, Sardinia, Uingereza na kwingineko. Ila kipimo hicho huhitaji sampuli, hata kama ni ya chembe tu, na metali iliyoyeyushwa mara tano kutoka vyanzo vitano hutoa wastani usioelekeza popote.

Miale yenyewe haidhuru kitu?

Eksirei ya mkononi, hapana. Anayeingia hatarini ni mpimaji asiyejikinga. Neutroni ndizo zenye sharti. Baadhi hukamatwa na atomu na kuzifanya kuwa na mnururisho. Kwenye shaba hupungua kwa nusu kila saa 12.7, kwa hiyo siku chache zinatosha. Kwenye fedha kuna isotopi moja ambayo nusu yake huisha kwa siku 250. Mwenye sarafu ya fedha aambiwe mapema, na dozi ipangwe, la sivyo mali yake itazuiwa kituoni kwa muda ambao hakuutarajia.

Nina sarafu ya kale niliyorithi. Nifanye nini?

Usiisugue. Si kwa majivu, si kwa ndimu, si kwa dawa ya meno. Nimeletewa sarafu iliyong'arishwa kwa ndimu na mtu aliyependa kunifurahisha. Sura ya mfalme ilikuwa imeondoka pamoja na kutu, kwa sababu sura ilikuwa imebaki ndani ya kutu, si ndani ya metali. Iweke kwenye karatasi kavu, andika ilikotoka na nani alikupa. Ukiwa umeiokota ardhini, kumbuka kwamba vitu vya kale vina sheria zake: Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Toa taarifa kabla ya kuiuza.

Ukiona vidoa vya unga wa kijani kibichi vinavyozaliana, huo ni ugonjwa wa bronzi. Kloridi iliyojificha ndani inakutana na unyevu wa hewa na kuanza kula. Kikulacho ki nguoni mwako: hata ukifuta unga, kloridi ipo. Sarafu hiyo itengwe na nyingine, iwekwe pakavu, ipelekwe kwa mhifadhi.

Nikisoma ripoti ya vipimo, niangalie nini?

Angalia kwanza walipima wapi: juu ya kutu, juu ya metali iliyosafishwa, au ndani. Ripoti isiyosema hilo, mimi huiweka kando hata kama ina tarakimu nzuri.

Kisha angalia jumla. Mashine nyingi hulazimisha jibu lifike asilimia 100. Oksijeni haionekani kabisa kwa mashine ya mkononi, na klorini ya kutu huonekana kwa shida, kwa hiyo sehemu yake inagawiwa shaba, bati na risasi. Unaposoma "shaba 87.43" juu ya uso wa kijani, zile tarakimu mbili za baada ya nukta hazina maana yoyote, na hata ile 7 ina shaka. Uliza kama walipima kwanza vipande vya aloi vyenye kiwango kinachojulikana, na walipata nini. Uliza ni sehemu ngapi zilipimwa kwenye kitu kimoja. Mimi sishuki chini ya tatu, na kwa bronzi yenye risasi nyingi naongeza, kwa sababu risasi haichanganyiki na shaba bali hukaa humo kama matone.

Baada ya vipimo kitu kinakwenda wapi?

Kinarudi kwenye kisanduku chake, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Shaba na bronzi tunaziweka chini ya asilimia 40 hivi ya unyevu wa hewa, chuma pakavu zaidi. Pamoja nacho tunaweka kadi yenye picha, na kila mahali miale ilipogusa pametiwa duara na namba. Miaka hamsini ijayo mtu mwenye mashine bora ataifungua, ataweka kigunduzi chake juu ya duara lilelile, na sarafu itakuwa nzima kumjibu.